Kuna nini huko gizani? Hotuba yangu ya Wedding, kwa ambao hamkufika

Hii ni ile hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye mkutano wetu pale Wedding, eneo la Berlin. Wengi mlikua zamu, wengine watoto walikua wanaumwa, mkaomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoiongea, zile picha za ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, kaka zangu, habari za mchana. Na nyie wadogo zangu mlioingia Berlin Oktoba hii kwa masomo karibuni sana, nawaona mmejibana huko nyuma, sogeeni mbele viti vipo.

Mimi ni fundi saundi. Naingia klabuni mchana kabla mtu hajaja, navuta nyaya, napanga spika, nasikiliza ukuta unarudisha nini, alafu usiku nakaa kwenye mikisa, ile meza ya kupangia sauti, mpaka asubuhi. Miaka kumi na tano sasa, kwenye maghala, viwanda vilivyokufa, mahandaki ya vita. Nimezaliwa Temeke nikalelewa na bibi, na bibi alikua anaijua kazi yangu yote mpaka anafariki, sikuwahi kumficha kitu.

Naanza na hilo kwa sababu miezi miwili iliyopita mama mmoja, yupo hapa leo na amenipa ruhusa nimseme, alinifuata baada ya hitma ya mzee wetu akanishika mkono akanivuta pembeni akaniuliza, "Mwanangu, we si ndo unafanya kazi huko gizani? Binti yangu anataka kwenda. Kuna nini huko?"

Kuna nini huko? Nilishindwa kumjibu pale, watu wanakula pilau, watoto wanakimbia, nikamwambia mama yangu nipe muda. Nimeshamjibu kidogo nyumbani, ntawaambia mwishoni ilikuaje, lakini leo nataka nimjibu mbele yenu wote, na jibu langu ni neno moja. Chumba. Huko kuna chumba.

Nisikilizeni vizuri hapo, maana ndo kitu kimoja nilichokuja nacho. Watu wanadhani Berlin ina klabu hizi kwa sababu Wajerumani wana wazimu fulani au kwa sababu wana hela. Hapana jamani. Mji huu ulikua fukara na ulikua na vyumba vitupu. Mziki wa chini, ule usiopigwa redioni, hauanzi na dijei, hauanzi na mashine, unaanza na chumba ambacho mwenye mali hajakumbuka kukidai.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1949, vita imeisha, mji umegawanywa na mataifa manne, kila upande una saa yake ya kufunga baa. Magharibi wanafunga mapema, basi wateja wanavuka zao kwenda kunywa mashariki. Alikuwepo bwana mmoja anaitwa Heinz Zellermayer, kiongozi wa wenye mahoteli, akaenda kwa kamanda wa Kimarekani, Frank Howley, na chupa ya wiski mkononi, wakakaa wakaongea, na mwezi wa 6 amri ya kufunga ikaondolewa. Ikaondolewa moja kwa moja. Ilikuja kurudi Oktoba 2020 wakati wa korona, baa kufungwa saa tano usiku, na ndo ikawa mara ya kwanza baada ya miaka 70. Kwa hiyo ukishangaa pati inaanza Jumamosi usiku na inaisha Jumatatu asubuhi, mzizi wake upo pale kwenye ile meza ya wiski.

Alafu ukaja Ukuta, wakomunisti wa mashariki wakaizungushia Berlin Magharibi. Kijana wa Kijerumani aliyekua anaishi Berlin Magharibi alikua haitwi jeshini, sheria haikumgusa, basi vijana wasiotaka gwanda wakahamia huku kutoka Ujerumani Magharibi yote, na nyumba zilikua rahisi kwa sababu nani anataka kukaa kwenye mji uliozungushiwa ukuta? Ndo hapo mwaka 1978 ikafunguliwa SO36 mtaa wa Oranienstraße kule Kreuzberg, ukumbi wa pank, yani roki ya makelele, na upo mpaka leo, kila mwezi wana usiku wa mziki wa Kituruki na Kiarabu kwa ajili ya watu ambao kwao hawawezi kucheza na wanayempenda. Nalisema hilo mbele ya wazee kwa heshima zote, sitaki kulirukia. Hii dunia ninayofanyia kazi imejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliofukuzwa kwao. Berghain yenyewe, ile klabu ambayo hata watu wa Dar wananiuliza, ilianzia kwenye ukumbi uliokua unaitwa Ostgut, uliojengwa na mashoga wa mji huu. Ukiwatoa hao kwenye habari, habari inakua ya uongo.

Sasa Novemba 1989, Ukuta unaanguka. Wangapi hapa mmewahi kujiuliza, siku ya pili yake nyumba za mashariki zilikua za nani? Eeh? Zilikua za nani? Serikali inakufa, mashirika yake yanakufa, nyumba nyingine walinyang'anywa Wayahudi enzi za Wanazi, alafu wakomunisti nao wakazichukua, sa wajukuu wanarudi na makaratasi yao, mahakama hazijui zianze wapi, na wakati makaratasi yanazunguka, nyumba zimekaa tu. Maghala yamekaa. Viwanda vimekaa. Polisi wa mashariki wenyewe hawajui washike sheria ipi. Miaka ile michache, jamani, katikati ya mji mkuu wa Ulaya ulikua unasukuma mlango na unaingia.

Februari 1990 wasanii wakaingia kwenye jengo bovu la maduka pale Oranienburger Straße wakaliita Tacheles. Kuna jengo la zege la Reinhardtstraße, lilijengwa 1943 watu wajifiche mabomu, enzi za wakomunisti likawa ghala la matunda kutoka Cuba, watu wakawa wanaliita jumba la ndizi, na kuanzia 1992 mpaka 1996 likawa klabu, kuta zina unene ambao ukipiga besi humo ndani mtaani hasikii mtu. Mimi sikuwahi kufanya kazi pale, nilichelewa kufika, lakini kila fundi saundi wa mji huu mwenye mvi ana stori ya lile jumba.

Lakini chumba ninachotaka mkikumbuke ni kingine. Kabla ya vita pale Leipziger Platz palikua na duka kubwa sana la Wertheim, moja ya maduka makubwa kabisa ya Ulaya, mali ya familia ya Kiyahudi, na Wanazi wakawanyang'anya. Bomu likaja, duka likafa, Ukuta ukapita jirani, eneo lote likawa ukiwa. Chini ya ardhi kikabaki chumba cha hazina, kile matajiri walichokua wanawekea vito na hati zao, masanduku ya chuma mamia yamepangana ukutani, kila sanduku na kitasa chake. Mwanzoni mwa 1991 Dimitri Hegemann na wenzake, waliokua na klabu ndogo ya UFO kwenye besimenti huko Kreuzberg, wanazunguka kutafuta sehemu, wanashuka ngazi, wanakuta kile chumba. Vumbi, kutu, giza. Machi 1991 wakafungua, wakaita Tresor, yani sefu.

Yale masanduku na nondo za kile chumba vilihamishiwa Tresor ya sasa, na mimi nimeyashika kwa mkono wangu mchana taa zikiwa zimewashwa. Vimlango vyake vimekunjwa, vingine vimeng'olewa kabisa, ndani kuna nafasi ya kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kutu inabaki kwenye vidole, unarudi nyumbani kucha zako zina rangi ya kahawia na ukinawa hazitoki mara moja. Nilisimama pale nikawaza, humu mtu aliweka heleni za mama yake. Alafu akanyang'anywa. Alafu vijana wakaja wakacheza humu. Sijui niseme nini zaidi ya hapo, lakini kila nikifunga spika kwenye nyumba ya zamani nauliza kwanza, nyumba hii ilikua ya nani?

Na mziki uliopigwa mle ndani ulikua wa nani? Hili nalo mlishike, wadogo zangu hasa. Mtasikia teknohausi, mtasikia tekno ya Berlin, mtadhani ni mziki wa wazungu. Tekno ni mziki wa watu weusi wa Detroit, Marekani. Juan Atkins, Derrick May, Kevin Saunderson, vijana weusi waliosoma shule moja nje kidogo ya Detroit, mji wa viwanda vya magari, viwanda vinafungwa, watu wanahama, wao wanakaa na mashine za ngoma zilizotumika wanatengeneza sauti ya kesho. Baada yao wakaja kina Jeff Mills, Mike Banks na Robert Hood, kundi la Underground Resistance. Rekodi ya kwanza kabisa iliyotolewa na lebo ya Tresor mwaka 1991 ni ya hao hao Underground Resistance. Watu weusi wa mji uliokufa viwanda wakakutana na vijana wa mji uliokufa nchi, kwenye chumba cha chini kilichojaa kutu, wakaelewana. Kijana wa mashariki na kijana wa magharibi waliokua hawajawahi kukaa meza moja walikua wanacheza bega kwa bega, na hakuna aliyeona kiatu cha mwenzake ni cha upande gani, kwa sababu ni giza na moshi.

Hiyo ndo maana ya giza mama yangu. Giza lile lina kazi.

Twende kwenye jambo la pili, sheria. Kuna mtu anadhani huko hamna sheria? Nyie mliocheka, kuna mtu anadhani hivyo? Mimi sijawahi kuona sehemu yenye sheria kama klabu nzuri ya Berlin. Kazi yangu ya kwanza haikua saundi, nilikua napokea makoti. Nimefika mjini hapa sina Kijerumani, Januari, baridi ya kukata masikio, nimesimama nyuma ya meza ya mbao napokea makoti na kutoa namba. Makoti mia tano. Koti la mwanasheria linaninginia pembeni ya koti la kijana aliyelala stesheni, na mtu akishavua koti hujui tena ni nani. Niliona hilo kwa macho yangu usiku wa kwanza, nikiwa na vumbi la makoti ya watu kwenye pua, nikasema hapa nakaa.

Sheria ya kwanza, simu. Mlangoni wanakubandikia stika kwenye kamera. Hamna picha, hamna video, hamna laivu. Mnajua kwa nini? Mwalimu wa shule anaweza kucheza Jumapili na Jumatatu akaingia darasani na hakuna mzazi atakayemtumia mwenzake video. Dada anayetoka familia kali anaweza kucheza bila kuwaza kaka yake ataona. Ndo hicho tu. Stika ya senti mbili inalinda heshima ya mtu kuliko mabaunsa kumi.

Sheria ya pili, mlango. Mlango wa Berghain umeandikwa sana, na yule Sven Marquardt anayesimama pale, mzee wa tatuu usoni, ni mpiga picha aliyeanza kazi yake Berlin Mashariki enzi za Ukuta, ana mabuku na maonyesho yake. Watu wanachukia mlango. Mimi nawaambia mlango ndo unaofanya ndani pawe salama, ukimruhusu mlevi anayeshika wanawake umewafukuza wanawake wote. Hilo naliamini.

Lakini nisiwafiche. Mwaka mmoja nilienda na rafiki yangu Mkongo kwenye klabu moja, sitoitaja, tumevaa vizuri, tumesimama foleni masaa mawili, tumefika mbele jamaa anatuangalia anasema leo sio usiku wa Waafrika. Usiku wa Waafrika! Ndani inapigwa tekno. Mziki uliotengenezwa na watu wenye ngozi kama yangu, na mimi nimesimama nje kwenye theluji. Rafiki yangu hakuongea kitu mpaka tumefika stesheni, akakaa kwenye benchi akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "Dada, hao wameiba mpaka usiku." Sijasahau. Na ndo maana nikipewa kazi sehemu nauliza mlangoni nani anasimama na anafundishwa nini, na sehemu mbili nimeikataa kazi kwa sababu ya jibu nililopewa.

Sheria ya tatu ni kuangaliana. Siku hizi klabu nyingi zina timu ya uangalizi, watu wawili watatu wamevaa kitu cha kuwatambulisha, hawauzi, hawachezi, wanazunguka tu. Kazi yao ni wewe. Madawa yapo, sisemi hayapo, mtu akikwambia hayapo anakudanganya, na mji wenyewe umekubali yapo, tangu 2023 kuna vituo Berlin mtu anapeleka kitu alichonunua kinapimwa bure na bila jina ili ajue kama kitamuua. Usiku mmoja binti wa Mombasa, mwanafunzi, alizidiwa, hata hakua ametumia kitu, hakula mchana kutwa na joto la mle ndani likamshinda. Nilimwona kutoka kwenye mikisa jinsi anavyoshika ukuta. Nikamwonyesha dada wa uangalizi, wakamtoa, wakamkalisha kwenye godoro kwenye chumba kidogo chenye taa ya njano, wakampa maji na ndizi, mmoja akakaa naye kitako chini karibu masaa mawili anamsikiliza anavyolia habari za mitihani. Asubuhi wakamwitia teksi, na namba ya teksi wakaiandika. Mama zangu, nawauliza, ni baa gani ya kawaida mjini hapa ingemfanyia mwanenu hivyo?

Sa hivyo vyumba vinaenda. Hapa ndo roho inaniuma kwa hiyo mtanisamehe nikipandisha sauti.

Ile Tresor ya kwanza ilifungwa Aprili 2005, kiwanja kikauzwa. Wao wakabahatika, 2007 wakafungua upya kwenye mtambo wa zamani wa umeme pale Köpenicker Straße. Lakini nendeni Leipziger Platz leo muone pamekua nini. Pamekua Mall of Berlin, imefunguliwa 2014. Duka, likawa hazina, likawa klabu, likawa duka. Kuna siku nilienda kununua viatu vya mwanangu pale nikasimama kwenye ngazi za umeme nikawa najaribu kukisia kile chumba kilikua chini ya duka lipi.

Klabu ya Knaack, Prenzlauer Berg, ilikuwepo tangu 1952. Ilipita enzi za wakomunisti, ikapita kuanguka kwa Ukuta. Unajua kilichoiua? Jengo jipya la fleti lililojengwa ubavuni. Watu wakahamia, wakasikia besi, wakaenda mahakamani, klabu ikaambiwa ipunguze sauti, na ukumbi wa bendi uliopunguzwa sauti ni ukumbi wa nini? Mwisho wa 2010 wakafunga. Klabu ina miaka hamsini na nane, jengo ni jipya, anayeondoka ni wa zamani. Mimi kama fundi nimefunga limita nyingi, kile kiboksi kinachokata sauti ikipita kiwango, wanakifunga na lakiri usikiguse, taa nyekundu inawaka na mziki unashuka wenyewe ghafla kama mtu kafunikwa blanketi, na unaona sura za watu zinavyobadilika, mikono inashuka. Ni kitu kinatia huzuni kukitazama.

Kando ya mto Spree ndo usiseme. Makampuni makubwa yakataka ukingo wote uwe maofisi, mradi wa Mediaspree. Watu wa Friedrichshain na Kreuzberg wakapiga kura Julai 2008, asilimia 87 ya waliopiga wakataka ukingo ubaki wa watu wote. Asilimia 87! Kura ikawa ya ushauri tu, haikuwafunga mikono, majengo yakaendelea kupanda. Bar 25 iliyokua hapo hapo na vibanda vyake vya mbao ikafunga 2010. Watergate, yenye kioo kikubwa kinachoangalia mto pembeni ya daraja la Oberbaum, imefunga usiku wa mwaka mpya kuamkia 2025 baada ya miaka 22, gharama zimepanda na nyakati zimebadilika. Na kuna barabara kuu ya A100, ikiendelezwa kama walivyoichora inapita mahali zilipo klabu kadhaa za mashariki, ikiwemo ://about blank yenye ile bustani nzuri, na watu wameshaandamana mara nyingi, wanabeba spika barabarani wanaipigia besi ile barabara ambayo haijajengwa.

Hawakukaa kimya hawa watu, na hapo ndo nataka sisi tujifunze. Mwaka 2001 wenye klabu wakaunda chama, Clubcommission, wakaanza kukaa vikao na serikali ya mji kwa mafaili na ramani. Mwaka 2018 mji ukatoa mfuko wa euro milioni moja wa kuzuia kelele, klabu inaomba hela inafunga ukuta wa kuzuia sauti, jirani analala, mziki unaendelea. Mwaka 2016 Berghain ikashinda kesi ya kodi, mahakama ikaulizwa hivi watu wanakuja kunywa au wanakuja kumsikiliza dijei kama wanavyomsikiliza mpiga piano ukumbini, na mahakama ikasema wanakuja kwa ajili ya mziki, basi tiketi yao kodi asilimia 7 badala ya 19. Mei 2021 Bunge la Ujerumani likaazimia kwamba klabu za mziki zihesabiwe kama sehemu za utamaduni, maana kabla ya hapo kwenye sheria za ujenzi zilikua kapu moja na madanguro na nyumba za kamari. Machi 2024 tekno ya Berlin ikaingia kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika, ile orodha inayofuata mkataba wa UNESCO. Nilifurahi, nililia kidogo, ila orodha hailipi pango.

Mji huu unasukumika, hilo ninalo la kuwashuhudia. Hapa tulipo ni dakika chache kwa miguu kutoka mtaa wa Maji-Maji-Allee. Mpaka Agosti 2024 ulikua unaitwa kwa jina la Peters, na wazee wetu walimwita Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, Mkono wa Damu, hawakusahau. Watu wa mtaa huu, na Waafrika wa mji huu, wamelisukuma jambo lile miaka na miaka na leo kibao kimebadilika. Kibao kimebadilika! Basi hata chumba kinaweza kupatikana.

Na chumba chetu kipo wapi? YAAM wengi mnaijua, pale Schillingbrücke karibu na Ostbahnhof, imeanza 1994, imehama hama mji mzima, mahali pa reggae, mziki wa Afrika, watoto wanacheza kwenye mchanga mchana, mama wa Gambia anakaanga samaki. Nani hapa hajawahi kula YAAM? Ni sehemu ambayo mtu aliyefika jana hana makaratasi anakaa kando ya mto na haulizwi anafanya nini hapo. Nawaomba muende, na mkienda mnunue kitu, msikae tu.

Alafu kuna singeli. Mnajua singeli imefika huku? Ule mziki wa vigodoro, wa Manzese na Tandale, uliokua unaitwa wa kihuni, umetolewa kwenye rekodi na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ile albamu ya studio ya Sisso mwaka 2017, na ukaanza kuzunguka Ulaya. Mara ya kwanza napewa kazi ya kupima saundi ya singeli Berlin nilikaa kwenye mikisa mikono inanitetemeka. Ni mziki wa kasi mno, bit mia mbili na zaidi kwa dakika, ukiuweka kwenye chumba cha zege ukauacha na besi kubwa unakua uji, hausikii kitu. Nilikata chini, nikafungua katikati ile kinanda inayolia kama nyuki ipite, nikaisogeza sauti ya emsii mbele kabisa kwa sababu mimi naelewa anachosema na nilitaka isikike. Watu wakasimama kwanza. Hawajui mguu uanzie wapi. Alafu wakaachia.

Saa kumi na moja alfajiri akaingia mama wa usafi, Mrundi, na ndoo yake na mfagio, kama kila wiki. Kila wiki huwa anapita pembeni na vizibo masikioni, haangalii mtu. Siku ile nikamwona amesimama. Akatoa kizibo kimoja. Akasikiliza. Akaniangalia juu kwenye mikisa akaniuliza kwa mdomo bila sauti, "Kiswahili?" Nikatikisa kichwa ndio. Akaiweka ndoo chini, akakaza kitenge kiunoni, akaingia katikati ya wale watoto wa Kijerumani, na wao wakampisha wakafanya duara. Dakika mbili tu. Alafu akarudi akachukua ndoo yake akaendelea na kazi, lakini nyuma ya shingo yake niliona bado anacheza.

Basi nimalizie kwa mama yangu. Nilimwambia mama, usinisikilize mimi, njoo uone. Akaja Jumanne mchana, mtandio kichwani, kajishikilia pochi yake, na binti yake nyuma yake anaona aibu. Ni klabu ndogo ninayofanyia kazi sasa, kiwanda cha zamani, nikawasha taa zote. Akazunguka. Akaigusa spika, akauliza bei, akashtuka. Akaingia vyooni akatoka akasema visafi. Akaona kile chumba kidogo chenye godoro nikamwambia cha nini, akakaa kwenye lile godoro kidogo kulijaribu. Akasimama katikati ya sakafu akaangalia dari muda mrefu, kwenye mabomba, kwenye vile vioo vya juu vilivyopakwa rangi nyeusi. Nilikua nasubiri aniulize habari za pombe, au za nguo watoto wanazovaa.

Akaniuliza, "Na mwenye nyumba anawataka mtoke lini?"

Nikamwambia mkataba unaisha Desemba.